Naenda Menengai Kutembea Tu

Kuna swali moja kila mtu Nakuru anajua kuuliza. Ukisema Jumamosi asubuhi unaenda msitu wa Menengai, utaulizwa, "Kufanya nini?" Ukijibu kuomba, watu wanatingisha kichwa, sawa, kuna mapango huko na wasee wamekuwa wakifunga na kukesha ndani yake miaka mingi. Ukijibu kutafuta kuni, sawa. Ukijibu kushuti video, sawa kabisa, hata utaulizwa kama kuna nafasi kwa gari. Lakini ukijibu "kutembea tu", stori inakwama hapo. Kutembea tu aje? Na nani? Kwani umeachwa?

Mimi nasema kutembea tu ni sababu tosha. Na naongeza: sisi vijana tunaitwa msituni siku moja, siku ya kupanda miti. Tunapewa fulana, tunashikishwa mche, tunapigwa picha, halafu tunasahauliwa hadi sherehe ingine. Hakuna mtu anatuita turudi kuona kama ule mche ulishika ama ulikauka. Hiyo ndiyo nataka tuongelee leo, na kama wewe ni wa kusoma mistari miwili unaenda, basi beba hiyo na uende nayo.

Sahii ndio wakati wa kuongea haya. Wenzetu wa Ulaya wana yale majira yao ya theluji kuyeyuka, watu wanatoka nje kama wafungwa walioachiliwa. Sisi hatuna theluji, tuna vumbi. Jina Nakuru lenyewe limetoka kwa Kimaasai na maana yake inahusu vumbi, na mtu yeyote ameishi hapa Januari hadi Machi hahitaji kuelezewa. Unafua nguo nyeupe, unaianua ikiwa rangi ya chai. Halafu inafika ile jioni moja mwisho wa Machi, mabati yanaanza kulia, mtaa mzima unatoa ndoo nje, na ile harufu ya mchanga uliolowa inaingia hadi kwa nyumba. Ukingoja siku mbili hivi baada ya hapo, panda msituni. Usingoje mwezi, kwa sababu hapo Mei utapata matope ya kukuvua viatu.

Mwaka huu tulienda watatu. Mimi, dadangu mdogo wa Form Three, na beshte yangu anayeishi London. London ya hapa Nakuru, si ile ya mfalme. Tulibebwa na boda hadi juu Milimani, na kabla atuachilie yule jamaa akauliza, "Mwanaume wenu yuko wapi?" Tukamwambia hatuna. Akafikiria, akasema, "Basi niwangoje?" Sikukasirika. Alikuwa anamaanisha vizuri, na bei ya kungoja hata hakuitaja. Lakini shikilia hilo swali, nitalirudia.

Sehemu ya chini ya msitu ni mikalatusi. Mirefu, imenyooka, imepangwa mistari kama wanafunzi paredi. Hii miti si ya huku, ni ya Australia. Ililetwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuni za gari moshi, ile reli iliyokuja kufika hapa Nakuru mwaka wa 1900. Ukitembea chini yake kitu cha kwanza utagundua ni kimya. Hakuna nyasi ya maana, hakuna ndege wengi, ni magome yaliyobambuka yakivunjika chini ya kiatu. Dadangu akasema inakaa kama ukumbi wa mtihani. Hapo ndio nilielewa kitu ambacho hakuna mwalimu aliwahi kunieleza vizuri: kuna tofauti kati ya miti mingi na msitu.

Kwa sababu ukitoka hapo, ukiingia kwa kichaka chenyewe cha Menengai, ni kama mtu amefungulia redio. Ndege wanapigana kelele. Kuzumburu wanne walikuwa wamening'inia kwa tawi moja kama soksi. Na leleshwa! Kama hujawahi kunusa leleshwa baada ya mvua, pole sana. Ni ule mti mfupi wa majani yenye rangi ya kijivu, uko kila mahali huku Bonde la Ufa, na harufu yake iko kati ya Vicks na kanisa. Morani wa Kimaasai walikuwa wanaweka majani yake kwapani wanukie vizuri, kabla hata duka la kwanza la vipodozi kufunguliwa tao. Beshte yangu alichuma kidogo akajaribu. Anasema inafanya kazi. Sisemi zaidi.

Kisha chini, pale ambapo wiki iliyopita kulikuwa na ardhi ngumu kama sakafu, tulipata ua. Jekundu, la duara, kubwa kama ngumi mbili, limesimama peke yake kwa shina tupu. Lile ua hulala chini ya ardhi kiangazi chote kama kitunguu, mvua ya kwanza ikigonga linatoka haraka haraka hata kabla ya majani yake kujipanga. Tuliona moja, kisha macho yakazoea, tukaona kumi. Hatukuchuma. Halafu kumbikumbi wakatoka kwa shimo, mabawa yaking'aa kwa jua, na dadangu akapiga nduru akimkumbuka mama jirani yetu wa kutoka Vihiga, ambaye kila mwaka siku kama hiyo hukaanga sufuria nzima na kutugawia, na sisi tunajifanya hatutaki halafu tunamaliza.

Huko mbele tulikutana na akina mama wawili wakishuka na mizigo ya kuni mgongoni. Tukawasalimia, "Shikamooni." Mmoja akatuuliza kama tumepotea. "Hapana mama, tunatembea tu." Wakaangaliana. "Kutembea tu?" Wakacheka hadi mmoja akashusha mzigo. Halafu yule mkubwa akatuonyesha njia bora ya kupanda, akatuambia tuwachane na ile ya kushoto kwa sababu nyani wako huko na wameona tuna mfuko. Tulifuata maneno yake. Hao wamama wanajua msitu kuliko mtu yeyote mwenye ofisi, na sheria ya misitu ya 2016 inawatambua kupitia vyama vya jamii vya msitu. Wana kibali, wana sababu. Mtoto wa mtaani mwenye viatu vya kanvasi na hana kibao cha kazi ndiye hajulikani aandikwe wapi.

Na hiyo si bahati mbaya. Hili swali la "unaenda wapi, kufanya nini" lina miaka zaidi ya 100 huku kwetu. Nakuru ilikuwa mji mkuu wa walowezi, na Milimani, hapo tulipoanzia kupanda, ilikuwa mitaa yao. Kuanzia 1920 hivi, mwanaume Mwafrika alilazimika kubeba kipande shingoni ndani ya kibati, na akipatikana mahali bila maelezo mazuri, ni kesi. Mzungu aliyepanda mlima asubuhi kuangalia mandhari alikuwa anatembea. Babu yako akifanya hivyo hivyo alikuwa anazurura. Ona venye lugha yenyewe imegawanya. Kipande kilienda, lakini kwa vitabu vya sheria zetu, kanuni ya adhabu kifungu cha 182, bado kuna kosa la kuwa mtu asiye na kazi na mvurugaji. Kijana akisimama mahali bila kununua kitu bado anahesabiwa kuwa na mpango.

Fikiria hapo tao. Unataka kukaa na marafiki masaa mawili. Mkahawa, soda ndio tiketi ya kukaa, na baada ya dakika 40 mhudumu anapitisha kitambaa kwa meza mara ya tatu. Nyayo Gardens iko, naipenda, lakini ni bustani ya katikati ya mji, huwezi kutembea, unazunguka tu. Hifadhi ya Ziwa Nakuru iko mlangoni petu, ina vifaru na sasa imekuwa urithi wa dunia tangu 2011, lakini hiyo ni ya gari. Huruhusiwi kutembea kwa miguu kati ya nyati na simba, na hapo sibishani. Kwa hivyo kwa kijana asiye na gari, msitu unaofikika kwa miguu ni Menengai. Mji ulipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji lenye msitu mgongoni, na watu wake wengi wameuona kwa dirisha la matatu tu.

Sasa turudi kwa yule jamaa wa boda. Mwanaume wenu yuko wapi?

Wasichana wanaonisoma wanajua hesabu tunayofanya kabla ya kutoka. Saa ngapi, na nani, simu ina chaji, mathe ameambiwa, nimevaa nini. Mathe alinipigia mara nne siku hiyo. Sitawaambia hofu ni ya uongo. Kuna sehemu za msitu ule hata mimi sipiti, na siwashauri mtu aende peke yake. Lakini nimechoka na suluhisho moja ambalo kila mtu hutoa, kwamba msichana asiende. Njia inayotisha ni njia tupu. Siku ile, kila mara tulipokutana na watu, wale wamama, mzee na ng'ombe wake, kikundi cha kanisa kikishuka kutoka maombi, mabega yetu yalishuka. Tukienda wengi, njia inabadilika. Tukikaa nyumbani wote, tunawaachia wale tunaowaogopa.

Mfano uko, na si wa mbali. Karura, Nairobi. Kwa wazazi wetu hilo jina lilimaanisha wizi na maiti zilizotupwa. Na kabla ya hapo kidogo tu ingekuwa hakuna hata msitu wa kuogopa, kwa sababu ulikuwa umegawanywa ploti. Januari 1999 Wangari Maathai alienda pale na wenzake kupanda miti wakapigwa na walinzi waliokodishwa, yeye akapasuliwa kichwa. Waliofuata kuingia barabarani ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Watoto wa miaka 20, 21. Agosti mwaka huo huo rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka kumi baadaye, 2009, wakazi wakaunda chama cha marafiki wa Karura, wakaweka ua, wakachonga njia, wakaanza kuleta watu. Leo msichana anakimbia pale peke yake saa kumi na mbili asubuhi na masikio yamezibwa na muziki.

Najua kuna mtu ashaandika kwa kichwa chake: "Ndio, lakini Karura unalipa." Kweli. Hata Menengai ukipanda hadi kile kituo cha kutazamia kreta kuna geti na kuna ada, na sipingi ada kwa jumla, walinzi wanakula pia. Ninachopinga ni msitu kuwekewa bei ya mtu aliyekuja na gari na kikapu cha pikniki. Mwanafunzi aliyetembea kutoka mtaani kwake alipe kidogo sana, ama kuwe na asubuhi moja ya wiki bila malipo kwa mwenye kitambulisho cha shule. Wekeni alama kwa njia. Wekeni askari wa msitu wawili wa kutembea kwa miguu Jumamosi na Jumapili, mmoja akiwa mwanamke. Wekeni choo. Hiyo si bajeti ya kuzindua reli.

Sasa mambo ya miti, kwa sababu hapa ndipo huwa nashikwa na hasira.

Julai 2023, rais akiwa Molo, kaunti yetu hii hii, alitangaza kuondoa marufuku ya kukata miti kwa misitu ya umma, ile iliyokuwa imewekwa 2018. Hoja ilikuwa kwamba miti iliyokomaa inaoza bure na watu wanakosa kazi, na sitasema ni hoja ya kijinga, Molo kuna watu wanaishi kwa mbao. Tarehe 13 Novemba mwaka huo huo tukapewa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti. Lengo ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Sawa. Swali langu ni dogo: kati ya kukata na kupanda, nani anaangalia? Nani atajua kama iliyokatwa ni ile mikalatusi ya mistari ama ni kile kichaka chenye kelele na maua mekundu? Ripoti itaandikwa "miti". Mtu pekee wa kujua tofauti ni yule aliyepita hapo mwezi uliopita, na mwezi kabla ya huo. Mwenye kutembea tu.

Tulifika juu kwa ukingo saa tano hivi. Wale hamjawahi kwenda, picha hazisemi ukweli. Kreta ina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi na kina cha karibu mita 500, na chini si shimo tupu, ni msitu na mawe meusi ya volkeno, na moshi mweupe wa mvuke unapanda mahali ambapo visima vya umeme wa jotoardhi vimechimbwa tangu 2011. Kuna watu walikuja na gari, wakarusha droni, wakapiga selfi tatu kwa ukingo (tafadhali rudini nyuma kidogo, hakuna laiki ya thamani hiyo), wakaondoka. Dakika kumi na tano. Sitaki kuwacheka, hii ni kazi na mimi pia nalipa kodi kwa video. Lakini walikuwa na madirisha yamefungwa kupita ile leleshwa yote.

Ukiangalia ng'ambo, kaskazini-mashariki nyuma ya kreta, huko ndiko Solai. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka huko usiku na zaidi ya watu 40 wakafa. Na kusini, tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, kaunti hii hii, maji yaliyozibwa na takataka na magogo chini ya reli yalipasua yakabeba kijiji usingizini. Zaidi ya watu 45 tena. Naandika haya kwa sababu nimejaza ukurasa mzima nikisifu mvua, na kuna watu wa Nakuru wakisikia mabati yakianza kulia hawalali. Hata hapa karibu, kwa mteremko huu huu wa Menengai juu ya London, kuna dampo la Gioto. Beshte yangu ananiambia mvua kubwa ikija taka zinashuka. Na upande wa ziwa, kule Mwariki na Barut, maji yalipanda miaka iliyopita yakaingia kwa nyumba za watu na hayakuomba ruhusa. Mlima ulio na mizizi hushika maji. Mlima ulionyolewa hauyashiki. Ukitembea juu siku mbili baada ya mvua unaona kwa macho: chini ya kichaka ardhi imekunywa, ni laini kama keki. Kwa sehemu zilizo wazi maji yamechimba mitaro na kukimbia mjini na udongo wetu.

Wakati wa kushuka dadangu aliniuliza kwa nini hawapelekwi huku na shule, kwamba safari zao zote ni za basi hadi Mombasa ama Nairobi, pesa nyingi, na hii iko hapa. Sikuwa na jibu la kumpa, na bado sina, kwa hivyo walimu wanaosoma hii, jibu ni lenu.

Jumamosi hii narudi. Tunakutana hapo juu Milimani mwisho wa lami saa moja na nusu asubuhi, tutakuwa na wasichana sita na kaka wawili mpaka sasa, na tutakuwa tumeshuka kabla ya saa saba kwa sababu mvua za saa hizi huja mchana. Vaa viatu vya kufungwa. Beba maji kwa chupa yako ya kudumu, plastiki ya kutumia mara moja ilipigwa marufuku misituni tangu Juni 2020 na mimi sitabeba takataka zako. Spika wacha nyumbani. Kama mathe wako anataka kuongea na mimi kwanza, mpe namba yangu, nimezoea.